Neno la Kwenye Kitufe

18 Machi

Nimerudi Kapkatet leo na sanduku moja, godoro lililofungwa kamba, na barua ya chuo inayosema nimesimamishwa masomo kwa kosa la uchochezi. Barua hiyo imeniachia upenyo mmoja. Nikiingia katika tovuti ya chuo kabla ya saa kumi na moja jioni, tarehe thelathini na moja Mei, nitakuta ombi la msamaha lililokwisha kuandikwa kwa niaba yangu. Kazi yangu ni kubonyeza kitufe. Nisipobonyeza, jina langu litaondolewa katika orodha ya wanafunzi, na miaka mitatu niliyosoma isimu itabaki kuwa habari ya kusimuliwa kwenye mazishi.

Nimeufungua ukurasa huo kwa simu nikiwa bado kando ya barabara. Macho yangu yaliruka aya zote yakatua chini kabisa, kwenye kitufe cha kijani chenye neno moja la Kiingereza: submit, yaani wasilisha, na pia nyenyekea.

Nikazima simu. Mimi niliyesimama mbele ya wanafunzi elfu mbili waliokaa siku kumi na moja bila maji mabwenini, nikashika kipaza sauti na kusema, "Lango hili si mlima, tulisukume." Mimi ndiye niambiwe neno hilo.

Iandikwe hapa, kwa kuwa kwingine kote imeandikwa vibaya: lango lile sikuligusa. Lilisukumwa na umati, likaanguka, likamvunja mguu mlinzi mmoja aitwaye Noah. Nasikitika. Lakini sikuligusa.

20 Machi

Mama yangu, Phyllis, ameuliza swali moja tu tangu nifike: kitufe hicho kinabonyezwa kwa simu ya aina yoyote, au ni lazima kompyuta? Baba hajauliza kitu. Anamlisha mtamba wake na kusikiliza redio.

23 Machi

Chini ya redio ya baba kuna kamusi ya Kilatini iliyofungwa kwa karatasi ya kalenda kuukuu. Alikaa miaka miwili katika seminari ndogo kabla ya babu kufa na shamba kumwita nyumbani. Sikumbuki kumwona akiifungua. Leo nimeifungua mimi.

Submittere. Sub, chini. Mittere, kutuma, kuachilia. Kuweka chini ya. Ndiyo maana ya kwanza, na mimi sikuhitaji ya pili. Nikaanza kuwatazama ndugu za neno hilo, na nilipowapanga nikaiona historia yangu yote ya chuoni imetoka tumbo moja. Walinipokea, wakaiita admit. Wakanipa kibali cha kuketi mtihani, wakakiita permit. Wakanifukuza, hiyo ni dismiss. Na sasa wamebakiza kitindamimba wa ukoo huo, anayetaka niweke shingo chini ili mguu upate pa kukanyaga. Mtoto wa Kenya hulijua neno hili kabla hajaota meno ya ukubwani: anapoomba kitambulisho, anapoomba kazi, anapoomba mkopo wa karo. Kila ukurasa huishia hapo. Tumezoezwa kuinama kwa kidole gumba.

Sitabonyeza. Nimeandika tarehe juu ya ukurasa huu ili nisije nikakana.

27 Machi

Mvua imeanza. Imetoka upande wa Bomet, nzito.

2 Aprili

Nachuma chai na mama na Yunia. Yunia Nyabate alitoka Nyamira miaka kumi iliyopita. Huchuma katika mashamba ya watu na kupewa sehemu ya majani ya siku. Ana vidole vinavyofanya kazi bila kuulizwa: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, huku mdomo ukisimulia jambo jingine kabisa.

Ameniambia kikapu changu kinafanana na kichwa cha mtu aliyenyolewa na mlevi. Mama akacheka. Nimekumbuka kwamba sikuwa nimemsikia mama akicheka tangu nirudi.

Vinny, katibu wangu katika baraza la wanafunzi, amepiga simu. Amekwisha kubonyeza. Alinieleza kwa upole, kama daktari: ni kitufe tu, komredi, hakuna anayesoma. Nikamwambia Yuda naye hakusoma, alibusu tu. Akakata simu.

6 Aprili

Mvua. Matope hadi kwenye kifundo cha mguu.

11 Aprili

Nimempelekea baba mwavuli katika kituo cha kupimia majani na nimejuta kwenda. Baba ni mwenyekiti wa kamati ya kituo hicho, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa. Karani, Okemwa, hajafika thelathini. Nimemwona baba akivua kofia mvuani kumsalimu, kisha akamshikia mdomo wa gunia lisipeperuke. Mwenyekiti anamshikia karani gunia.

Nimerudi njiani nikilitafuna lile neno la kitufe. Nilidhani limetoka Roma. Kumbe limekuwa likila nasi mezani.

17 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio, maana kesho kila mtu atakuwa na toleo lake.

Mvua ilinyesha tangu saa sita. Saa tisa tulikuwa kituoni, nyumba ishirini na tatu, magunia yamepangwa chini ya bati. Zamu ya mama ilipofika, Okemwa alimwaga majani mezani, akayatandaza kwa kiganja, akaokota moja na kulikunja. Jani zuri hukunjika. Hilo lilivunjika. Akaokota jingine, likavunjika pia.

"Bot Chepkurui, hii siwezi pima," akamwambia mama, akimwita mama wa jina langu. "Angalia mwenyewe. Majani manne, tano. Kiwandani watanirudishia mimi."

Mama hakubisha. Alisema atayachambua, akapiga magoti kwenye saruji iliyolowa na kuanza kutenga magumu na mororo, na watu wakaanza kumpita pembeni na magunia yao.

Magoti yale ndiyo yaliyonipandisha juu ya benchi. Sikupanga. Nilisema mkulima anayepiga magoti ndiye anayemlisha karani aliyesimama. Nilisema chai hii ilipandwa na babu zetu kwenye miteremko waliyoachiwa baada ya wengine kuchukua tambarare, na kwamba mkono uliotunza kichaka miaka thelathini hauwezi kufundishwa jani na mtu aliyefundishwa jana. Nilisema leo hakuna gunia litakalopanda lori mpaka Okemwa amwombe mama yangu msamaha mbele ya wote. Sauti yangu iligonga bati ikarudi kubwa zaidi. Nilizijua nyuso zile: zilikuwa nyuso za langoni. Mmoja akafunga gunia lake, wa pili akafunga, kisha wote.

Baba akaja karibu na benchi. "Chepkurui, shuka," alisema kwa sauti ya chini. "Majani hayangoji."

Nami nikamjibu kwa sauti ya juu: "Baba, wewe umengoja maisha yako yote. Acha majani nayo yangoje siku moja."

Watu walicheka. Walimcheka yeye.

Okemwa hakuomba msamaha. Alikaa kwenye kiti chake akatazama mizani. Dereva wa lori akautazama mlima unaogeuka uji, akasema akichelewa hatapanda tena, akaondoka na lori tupu. Tulipiga makofi. Mama alikuwa bado amepiga magoti, anachambua.

18 Aprili

Majani yamekufa.

Jani la chai likishindiliwa ndani ya gunia hujipasha moto lenyewe. Kila mtoto wa huku analijua hilo kabla ya kujua kusoma, na mimi nililijua, na jana sikulikumbuka. Asubuhi gunia letu lilikuwa na joto la mkate. Tulipolifungua likatoa harufu ya tunda lililovunda, na ndani majani yalikuwa mekundu kama tofali. Nyumba ishirini na tatu hivyo hivyo. Watu wameyamwaga kati ya vichaka, bila maneno. Kazi ya Yunia ya kutwa ilikuwa ndani ya magunia mawili kati ya hayo.

Hakuna aliyekuja kunitukana. Ningependa waje.

19 Aprili

Baba hakunywa chai asubuhi. Alikwenda kando ya zizi, akainama, akang'oa nyasi kwa mikono miwili, mizizi na udongo wake, akatoka mvuani bila koti.

Mama ndiye aliyenieleza, akiosha mitungi ya maziwa bila kunitazama. Tangu enzi za vita, Mkipsigis aliyezidiwa akang'oa nyasi na kuzishika mkononi hapigwi tena. Ni ng'ombe wanaoishi kwa nyasi, na sisi tunaishi kwa ng'ombe. Mwenye kushika nyasi hufika langoni kwa aliyekosewa na kusimama kimya. Hajitetei. Mwenye mji akitoka na kuchukua unyasi mmoja, jambo limekwisha. Asipotoka, aliyekuja husimama hadi atoke.

Baba anazunguka nyumba zote. Kutoka juu ya shamba nimemwona kwenye lango la tano, amesimama, kofia mkononi, maji yakimtiririka shingoni. Walimwacha hapo hadi saa saba. Mimi nikiwa juu, kati ya chai, niliona aibu, na aibu hiyo nilimwonea yeye. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Niliona mtu aliyejikabidhi.

20 Aprili

Yunia amekuja kuchuma kama kawaida. Nimejaribu kumwomba radhi, ikatoka hotuba. Akaniacha nimalize.

"Sisi Wakisii hatuna hiyo mambo ya nyasi," akasema. "Lakini baba yako aliposimama kwangu nilielewa. Mtu hawezi tembea na nyasi kwa mvua ovyo ovyo. Nikatoka haraka. Unajua nilihisi nini? Nilihisi ni mimi nimekamatwa. Mzee amesimama kwa mlango yako namna hiyo, utamfanya nini? Huwezi kula. Huwezi hata kumkasirikia vizuri."

Akachuma mistari miwili hivi. Kisha akauliza, kama anayeuliza habari ya hali ya hewa, kama ninajua ile majani ngumu ya juzi ilichumwa na nani.

Mistari ya chini, kando ya mto, niliichuma mimi. Nilikuwa na simu sikioni, nikimwandama mwanafunzi mwingine aliyebonyeza kitufe, na mkono mmoja ulikuwa ukikwangua vichaka bila macho. Mama alijua. Alipiga magoti akachambua mkono wangu kutoka kwenye gunia lake, mbele ya watu wote, na hakusema kitu hata nilipokuwa juu ya benchi nikimtetea.

21 Aprili

Nimekwenda kwa Okemwa. Nilisema maneno sita. Akasema ni sawa, madam, lakini nikihutubia tena nitumie benchi lingine, hilo lina mguu mbovu.

28 Aprili

Baba amelala siku tano na kifua. Leo ameamka, akanikuta na kamusi yake.

Nilitaka kumwomba msamaha wa yale niliyosema kituoni. Badala yake nikamweleza Kilatini: kuweka chini. Akavaa miwani, akaniuliza kama huko chuoni hufundishwa kusoma mstari wa kwanza tu. Kisha akakishusha kidole ukurasani. Kushusha, kwa mfano fimbo za mamlaka: kulikuwa na kiongozi wa Roma aliyeingia mkutanoni, akaamuru fimbo na shoka zake ziteremshwe mbele ya umma, akubali kwamba umma ni mkubwa kuliko yeye. Chini zaidi: kuotesha, kuachia kitu kikue. Ndama ambaye mfugaji hamchinji, anamlea aendeleze kundi, Warumi walimtajia neno hilo hilo. Alisema padre aliwafundisha fungu hilo kwa kuwapeleka zizini.

Niliduwaa. Mtu huyu alikuwa na Roma nzima chini ya redio, na mimi nimekuwa nikimhurumia.

Nikasema kwamba haijalishi. Chuo hakikukusudia ndama wala kiongozi wa Roma, kimekusudia mstari wa kwanza. Akakubali. Akasema kamusi haimwambii mtu ainame kwa nani. Kisha akakohoa kwa muda mrefu, na ombi langu la msamaha nikaja kulisema wakati anakohoa, ili asilisikie lote. Nafikiri alilisikia.

5 Mei

Mvua siku ya tisa mfululizo. Chai inakua kuliko mikono.

9 Mei

Nimempigia Vinny kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Sikumshambulia. Nilimuuliza yule mlinzi aliyevunjika mguu anatoka wapi. Akasema Soin. Akaniuliza nataka nini kwake. Nikasema sijui.

Nimesoma nilichoandika tarehe kumi na nane Machi. "Sikuligusa." Nimekiandika mara mbili katika aya moja. Mtu mwenye hakika huandika mara moja.

12 Mei

Soin kuna joto. Huko chini miwa imechukua mahali pa chai. Nyumba ya Noah niliipata kwa kuulizia mtu mwenye magongo.

Asubuhi, wakati wa kuondoka, nilikumbuka nyasi. Nilikuwa nimechelewa, nikapitia shamba la nyuma, nikakata fungu kwa panga na kulitia katika mfuko wa karatasi. Nilipofika langoni mwake nikalitoa na kusimama kimya kama nilivyomwona baba akisimama.

Alitoka Janefer, mkewe. Alinitazama, akatazama mkono wangu, akaingia ndani. Nikasikia watu wawili wakijizuia kucheka, na mmoja akashindwa. Noah akatoka kwa magongo, mguu katika plasta, mtu mrefu mwenye mvi.

"Chamgei," akanisalimu. "Hii umeleta ni nepia. Hii ni chakula ya ng'ombe, na umekata na panga. Nyasi ya kuomba inang'olewa na mkono, na mizizi. Wewe ni Mkipsigis wa wapi?"

Nikasema wa Kapkatet.

"Kapkatet wamepotea," akasema, akampa Janefer fungu lile ampelekee ng'ombe. "Wewe ndiye ile sauti. Sauti niliijua saa hii ukiuliza njia. Uso sikuona siku ile, nilikuwa chini ya lango."

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa na aya tatu kichwani zenye mwanzo, kilele na mwisho. Zote zikaondoka, nikabaki na kile ambacho hata humu sijakiandika hadi leo.

"Nilikuona," nikamwambia. "Nilikuwa juu ya ukuta. Nilikuona nyuma ya lango ukiinua mkono. Nilijua kuna mtu, na nikasema lisukumwe."

Alikaa chini polepole kwenye kigoda, akaweka magongo magotini. Akaniuliza nilidhani alikuwa akiinua mkono wa nini. Nikasema nilidhani anatutisha.

"Nilikuwa nawaonyesha bawaba. Bawaba ya juu ilikatika Januari. Tulifunga na waya. Niliandika kwa kitabu ya walinzi mara tatu, tarehe na saa. Nilikuwa nawaambia msiguse, itaanguka."

Nikageuka upande wa zizi. Ng'ombe alikuwa akitafuna nepia yangu.

Kisha akanieleza shida yake. Chuo kimemwachisha kazi. Kinasema lango lilikuwa zima, kwamba wanafunzi walilivunja kwa nguvu, na kwamba yeye aliumia kwa uzembe wa kusimama mahali alipokatazwa. Juni atasikilizwa na afisa wa kazi mjini Kericho. Anataka kurudi kazini, na asipoweza kurudi, anataka iandikwe kwamba si mzembe. Kitabu cha walinzi kiko katika ofisi ya chuo na hakuna anayekubali kukifungua. "Nimekaa lango hilo miaka kumi na nane," alisema. "Neno uzembe sitaki life na mimi."

Ndipo akauliza ile barua ya msamaha wanayobonyeza wanafunzi kwenye simu, aliyoisikia kwa walinzi wenzake, inasema nini kuhusu lango.

Nikamwambia haisemi kitu, ni ombi la msamaha tu. Akasema soma.

Nikaufungua ukurasa. Na hapo, mbele ya mtu huyo, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu, nikasoma kutoka juu. Aya ya tatu: "Nakiri kwamba nilishiriki kuliangusha lango kuu, ambalo lilikuwa imara na katika hali nzuri."

Miezi miwili. Miezi miwili nimekuwa nikipekua mizizi ya neno moja kwenye kitufe, nikalifuata hadi Roma, nikalitolea hotuba, na sentensi ya kumzika mtu ilikuwa vidole viwili juu yake, katika Kiingereza cha kawaida kabisa. Hata Vinny alisema ukweli: hakuna anayesoma. Wanafunzi arobaini na mmoja wamekwisha kubonyeza, na kila mmoja ni shahidi dhidi ya Noah bila kujijua.

Nilipoaga sikupewa mkono. Noah alisema nikija tena nije na nyasi yenyewe, na nije nikiwa na kitu cha kusema.

14 Mei

Nimeandika barua yangu. Nimesema nilitamka maneno yaliyoliangusha lango, na kwamba nilimwona mtu nyuma yake. Nimesema nipewe adhabu ya hilo. Nimesema lango halikuwa imara, na kitabu cha walinzi kifunguliwe. Ukurasa mmoja. Sijawahi kuandika kitu kifupi hivyo na kikanichosha.

Nimempelekea Vinny nakala. Ameisoma, kwa kuwa amenyamaza.

20 Mei

Chuo kimejibu kwa mistari miwili: barua binafsi hazipokelewi, mwanafunzi atumie fomu iliyo kwenye tovuti. Nimepiga simu. Mama mmoja wa ofisini, mpole kabisa, akanieleza kwamba mfumo hauna mahali pa barua. "Bonyeza tu, mrembo, urudi darasani. Hayo mengine utasema baadaye."

Yote aliyosema yananifaa.

27 Mei

Nimewaeleza wazazi wangu. Nilidhani baba angekuwa upande wangu, na hilo linaonyesha bado simjui.

Mama amelia. Amesema amechuma chai miaka ishirini na miwili ili mimi nisichume, na kwamba mlinzi huyo ana mke na watoto wa kumtetea, na mimi nina yeye tu. Hakukuwa na neno lisilo kweli katika alichosema.

Baba akasema, "Nimesimama kwa milango ishirini na tatu, Chepkurui. Ulikuwa unaona. Nilikuwa nakuonyesha kuinama, na bado hujui."

Nikamwambia yeye aliinama mbele ya watu niliowakosea. Ukurasa huu ungenifanya niinamie wenye nguvu kwa kukanyaga mgongo wa mtu niliyekwisha kumvunja mguu. Sikupandisha sauti. Naandika hilo kwa kuwa lilinishangaza mimi mwenyewe.

Akachukua ndoo ya maziwa. Akasema bado anataka nibonyeze. Akaenda kukamua.

29 Mei

Kila dakika chache naufungua ukurasa. Kidole changu hukaa juu ya kile kijani, na simu hupata joto. Nataka kurudi. Niseme wazi hapa, maana kila mtu ananiona kama nisiyetaka: nalitaka lile dawati la tatu dirishani katika maktaba, namtaka yule mwalimu wa fonolojia anayekula chaki, nalitaka hata bweni lisilo na maji. Nayataka hayo yote kuliko nilivyotaka kitu chochote kwenye benchi au ukuta wowote.

31 Mei

Mama hakusema nami asubuhi. Aliniwekea mahindi ya kuchemsha ndani ya mfuko. Baba alinisindikiza hadi barabarani akiwa amebeba mkoba wangu, na habari ya kitufe hakuigusa. Aliniuliza tu kama nina kalamu.

Tumeandika maelezo ya Noah chini ya paa la nyumba yake, yeye akisema, mimi nikiandika. Alitaka kila tarehe iwe mahali pake: siku bawaba ilipokatika, siku alizoandika kitabuni, aina ya waya. Kwangu alitaka jambo moja, niandike nilichokiona nikiwa juu ya ukuta, kwa mkono wangu, na niweke sahihi kama shahidi.

Simu ilikuwa kwenye kigoda kati yetu. Saa kumi na dakika hamsini akaacha kusema. Janefer alikuwa mlangoni na birika, akasimama hapo.

"Bonyeza, msichana," Noah akasema. "Mimi mguu umeshavunjika. Wewe bado."

Niliangalia simu. Sijui ni kwa muda gani. Chai aliyomimina Janefer ilipata ngozi juu.

"Lango lilikuwa zima?" nikamuuliza.

"Halikuwa."

"Basi tuendelee. Tulikuwa kwenye waya."

Akasafisha koo akaendelea. Waya ulikuwa wa seng'enge, uliosokotwa mara nne. Simu ikatetemeka, jina la Vinny likatokea, likapotea. Ilipofika saa kumi na moja sikuwa nikiitazama. Nilijua kwa sababu Janefer alikaa chini.

Noah alitia sahihi kwa herufi kubwa, akapuliza wino. Akanisukumia karatasi. Chini kulikuwa na mistari ya shahidi: jina, makazi, kazi. Nikaandika Chepkurui, binti Gibson. Nikaandika Kapkatet. Mstari wa tatu mkono wangu ulikuwa umekwisha kuandika m ya neno mwanafunzi, kwa mazoea, na herufi hiyo moja ilikuwa tayari imekaa karatasini. Sikuifuta. Niliiendeleza. Nikaandika: mchuma chai.